Fundi wa Mabasi na Ekseli Tatu

Verna Stallard hakuwa mtu wa kugombania kusikilizwa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akitengeneza mabasi ya shule katika gereji ya wilaya, kule milimani kusini-magharibi mwa Virginia, na katika muda wote huo wenzake walimsikia akipaza sauti mara moja tu, siku jeki ilipoteleza karibu na mguu wa msimamizi. Mwaka wa themanini na saba, mambo haya yalipotokea, alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Mrefu, mkavu wa mwili, nywele kazifunga kitambaa, na kwenye mikunjo ya vidole vyake kulikuwa na weusi wa oili ambao sabuni iliusalimia tu ikapita.

Ufundi aliurithi kwa baba yake. Mzee Emmitt alikuwa akitengeneza mitambo ya kubebea makaa mgodini, na shafti yoyote iliyokatika alirudi nayo nyumbani, akaitandikia gazeti juu ya meza ya jikoni, mkewe akilalamika kwamba hapo ni mahali pa chakula, si pa vyuma. Mzee alimwita bintiye, akamshikisha tochi.

"Usiniambie nini kimeivunja," alikuwa akisema. "Hilo kila mtu ana lake la kusema. Nionyeshe ilipoanzia."

Verna alipofika miaka tisa alikuwa anaweza kutofautisha chuma kilichokatika kwa pigo moja na chuma kilichokufa taratibu. Cha kwanza uso wake wote huwa na chembechembe zinazometa kama sukari. Cha pili kina sehemu laini, yenye mistari iliyopindana mmoja nje ya mwingine kama pete za gogo lililokatwa, kwa maana ufa ulikuwa ukitambaa kidogo leo, kidogo kesho, mpaka chuma kilichobaki hakikutosha tena kubeba mzigo.

Aliolewa na Hobart, mpeleka barua, mtu mnene na mpole ambaye alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni mbio za magari. Si zile za kuzunguka na kuzunguka. Ni za robo maili: magari mawili yanasimama sambamba, taa za njano zinashuka moja baada ya nyingine, inawaka ya kijani, na baada ya sekunde kumi na moja hivi kila kitu kimekwisha.

"Kama kupiga chafya," Verna alimwambia mara ya kwanza alipopelekwa.

Hobart hakucheka. Lakini tangu wafunge ndoa, kila Jumamosi kuanzia baridi inapokatika hadi majani yanapoanza kuanguka, walikuwa pamoja kwenye uwanja wa Kerns Hollow, kipande cha lami kilichobanwa kati ya vilima viwili. Hobart alikuja na daftari lake la kuandikia nyakati. Verna alikuja na beseni la maharage mabichi, akaliweka mapajani, akawa anayavua nyuzi na kuyavunjavunja tayari kwa kuyatia kwenye chupa za akiba. Watu wa pale walimjua kama mke wa Hobart, yule wa mabasi. Hakuna aliyemuuliza zaidi, naye hakuona sababu ya kujitangaza.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, gari la buluu la Rondal Cantwell lilikatika ekseli, ule mhimili wa chuma unaozungusha gurudumu.

Rondal alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mchomeleaji wa mabomba kwa kazi, mcheshi, mwenye meno yaliyoachana mbele. Gari lake lilikuwa la mwaka sitini na nane, na alilijenga mwenyewe kwenye banda kwa miaka minne. Siku ile taa ya kijani iliwaka, gari likainua pua kama farasi, kisha ukasikika mlio mmoja mkavu, paa! Gurudumu la nyuma la kulia likachomoka pamoja na ngoma yake ya breki, likamtangulia mwenyewe barabarani, likayumba, likalala kwenye nyasi. Gari lilisota kwa kiuno hatua kama arobaini, cheche zikiruka, likasimama. Rondal akatoka akiwa mzima, akavua helmeti na kuitupa chini.

"Ya pili hii!" alipiga kelele. "Ya pili! Upande uleule!"

Watu wakamzunguka. Wa kwanza kufika alikuwa Boyd Rasnick, mwenye karakana kubwa kuliko zote bondeni, ambaye nusu ya magari ya uwanjani yalikuwa yamepita mikononi mwake. Boyd aliokota kipande cha ekseli, akakigeuza, akatikisa kichwa kama daktari.

"Nguvu, bwana mdogo," alisema. "Una injini ya simba na miguu ya mbuzi. Nitakutafutia ekseli nene zaidi, za chuma kigumu, na hadithi itaishia hapo." Akaondoka na kile kipande mkononi, akiwaonyesha watu.

Hobart hakuweza kujizuia. Alikuwa akimpenda Rondal, kwa sababu Rondal alikuwa akimpa nyakati zake bila kumficha. Akageuka kwenye kiti.

"Verna, hebu nenda ukamtazamie."

"Ana Boyd huyo. Mimi nikatazame nini?"

"Nenda tu."

Verna akaweka beseni chini, akajifuta mikono kwa aproni, akaenda. Alizunguka gari, akachungulia chini, akabonyeza springi. Watu kumi na watano walikuwa wamesimama wakimngoja aseme kitu, na Rondal alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu anayetaka kuambiwa lolote lile. Basi Verna akasema. Akasema gari likiondoka linajipinda na kulalia upande wa kulia, ndiyo maana tairi hilo linabeba zaidi, na kwamba springi ya kulia ikiongezewa ugumu na gari likiondolewa kwa upole zaidi, huenda mzigo ukagawanyika.

Halikuwa neno la kipumbavu. Lakini lilikuwa neno la mtu ambaye hajakishika kile kipande, na njia nzima ya kurudi nyumbani Verna alijua vizuri baba yake angemwambia nini.

Rondal aliyafuata yote mawili. Alifunga ekseli nene alizoletewa na Boyd, na akabadilisha springi kama Verna alivyosema. Gari likawa zito kuondoka, likapoteza sehemu mbili za kumi za sekunde, ambazo katika mbio hizo ni nyingi mno. Akavumilia. Baada ya Jumamosi tatu, kwenye raundi ya pili, ekseli ya kulia ilikatika tena. Ile nene. Ile iliyosemekana kwamba ingeweza kuvuta treni.

Safari hii Boyd hakumwendea Rondal kwanza. Alimwendea Verna pale alipokaa na beseni lake, na akasema kwa sauti ya kutosha wengine kusikia:

"Vipi, mama wa mabasi? Au hili nalo lilikuwa limejaza wanafunzi?"

Watu wakacheka. Hobart akainuka nusu, uso umemwiva. Verna akamshika mkono akamrudisha kitini. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto, lakini alichosema kilikuwa hiki:

"Na ekseli yako, Boyd? Ilikuwa ya kuvuta treni, au nilisikia vibaya?"

Kicheko kikahama upande. Boyd akakuna shingo, akaenda zake. Verna akamwita Rondal, ambaye alikuwa amekaa juu ya tairi, kichwa mikononi.

"Rondal, vile vipande viko wapi?"

"Vipande gani?"

"Vya ekseli. Vyote vitatu. Nilikosea kukujibu bila kuvitazama, na sitaki kukosea tena. Hiki hapa nakichukua sasa hivi. Cha pili?"

"Boyd anakitumia kuzuia mlango wa karakana."

"Na cha kwanza?"

Rondal akaona haya kidogo. "Cha kwanza kiko kwa mama mkwe. Kimeshikilia maharage."

Cha Boyd kiliombwa na Hobart mwenyewe siku iliyofuata asubuhi, baada ya kanisa, na Boyd akakitoa bila maneno. Alasiri Verna na Hobart wakapanda gari lao, wakavuka mlima kwenda kwa mama mkwe wa Rondal, Bi Ollie Sturgill. Rondal alikuwa ameoa wakati wa baridi, na kwa kuwa mkewe hakutaka kumwacha mama yake peke yake, wote watatu walikuwa wakikaa huko, katika nyumba nyeupe yenye baraza refu.

Bi Ollie aliwapokea akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Ndio nyie mnaotaka kuning'olea nguzo yangu?"

"Tunaiazima tu, Bi Ollie," alisema Verna.

"Maharage yameshapanda mpaka juu. Mkiyakata, mwanangu, mtakula mizizi." Lakini alikuwa amekwisha kuandaa meza: kuku wa kuchemsha na matonge ya unga ndani ya mchuzi wake, mkate wa mahindi, vitunguu vibichi, na chai ya baridi yenye sukari ya kuumiza jino. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa chuma chochote kabla ya kula.

Baada ya chakula, Rondal alichimbua ile nguzo kwa adabu zote, akasimamisha fito ya mti mahali pake, na Bi Ollie akahamisha matawi ya maharage moja moja kwa mkono wake huku akinung'unika. Verna akaketi kwenye ngazi za baraza na bakuli la mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Alisugua kile kipande cha kwanza mpaka kutu ikatoka. Kisha akavipanga vyote vitatu kwenye ubao, nyuso zikitazama juu, jua la saa kumi na moja likizipiga kwa upande. Alivitazama kwa muda mrefu. Hobart, aliyemjua, akawaashiria wengine wasiseme.

"Njoo hapa, Rondal. Chuchumaa. Unaona nini?"

"Chuma kilichovunjika."

"Tazama vizuri, bwana. Hapa pembeni."

Rondal akasogeza uso. "Kuna mistari. Kama... kama pete za mti."

"Na hapa?"

"Hapa pana chembechembe. Kidogo tu, kama kucha ya kidole gumba."

"Basi hapo penye kucha ndipo ulipopavunja wewe kwa mguu wako siku ile. Kwingine kote kulikuwa kumeshakatika kabla hujawasha injini." Akagusa cha pili, akagusa cha tatu. "Vyote ni hivyohivyo. Hizi ekseli hazikuzidiwa nguvu. Zingezidiwa nguvu, meno yake ya huku ndani yangekuwa yamepindika kama kamba, na yako sawa kabisa. Kuna kitu kilikuwa kinazikunja. Kila gurudumu likizunguka, kinaikunja ekseli kidogo na kuiachia, kinaikunja na kuiachia. Umewahi kukata waya bila koleo?"

"Unaukunja huku na huku."

"Haya basi."

Gari la buluu lilikuwa bandani. Verna akaomba linyanyuliwe nyuma, ikafungwa ekseli ya akiba na magurudumu mawili mazima. Akachora alama ya chaki kwenye kila tairi, akamwambia Hobart ashike ncha moja ya futi, yeye akashika nyingine. Wakapima kutoka alama hadi alama upande wa mbele wa matairi. Kisha akayazungusha magurudumu mpaka alama zikaja nyuma, wakapima tena. Zilipishana robo inchi.

"Magurudumu ya nyuma hayatakiwi kutazamana," alisema Verna. "Yanatakiwa kutazama mbele. Hili la kulia limegeuza shingo. Bomba ambalo ekseli inapita ndani yake limepinda, Rondal. Beringi inaivuta ekseli huku, difu, ile gia ya katikati, inaivuta kule, na yenyewe iko katikati inateseka. Mafuta yalikuwa yanavuja upande huo?"

"Kila siku! Nimebadilisha oili sili, ule mpira wa kuzuia mafuta, mpaka nimechoka."

Rondal akakaa chini palepale kwenye vumbi. Akafikiri, halafu akatikisa kichwa.

"Lakini Bi Verna, haiwezekani. Hilo bomba halijaguswa tangu Boyd alipochomelea vishikio vya springi, na hiyo ni miaka miwili. Nimekimbia misimu miwili mizima sijakata hata nati. Kama limepinda tangu wakati huo, mbona haikukatika? Kwa nini mwaka huu, na kwa nini tatu mfululizo?"

Verna akapitisha kiganja juu ya bomba. Alijua kwamba moto wa kuchomelea huvuta bomba likipoa. Jambo hilo alikuwa amelishuhudia kwenye mabasi mara nyingi. Lakini swali la Rondal lilikuwa la haki, na jibu lisilojibu swali hilo halikuwa jibu. Alizunguka gari mara mbili. Akainama, akainuka. Kuku wa Bi Ollie walipita chini ya difu wakidonoadonoa.

Hobart ndiye aliyeitoboa siri, bila kujua. Alikuwa amekwisha kuvaa kofia.

"Tuage, mke wangu. Kesho nina barua, na kutoka hapa mpaka kwetu, jirani na uwanja, ni maili hamsini zote za kona. Mgongo wangu hautanisamehe."

Verna akasimama wima.

"Rondal. Gari hili linafikaje uwanjani?"

"Nalivuta kwa pikapu. Nina kile chuma cha kukokotea, nafunga mbele."

"Na magurudumu ya nyuma?"

"Yanazunguka barabarani. Nafungua propela shafti tu ili giaboksi isiumie."

"Na kabla hujaoa ulikuwa unakaa wapi?"

"Kwa mama. Pale nyuma ya uwanja. Nilikuwa nalisukuma tu na..." Mdomo ukabaki wazi, meno yake yaliyoachana yakaonekana.

Verna alikuwa amekwisha kuomba kalamu. Alipima tairi, akaandika nyuma ya mfuko wa karatasi wa unga wa mahindi. Katika robo maili gurudumu lilizunguka mara mia moja na themanini. Katika maili hamsini lilizunguka mara thelathini na sita elfu. Kwenda na kurudi, sabini na mbili elfu.

"Kila Jumamosi," alisema, akimwonyesha, "kabla ya chai ya jioni, ekseli yako inakunjwa na kuachiwa kama vile umekimbia mbio mia nne. Ukifika uwanjani inakuwa na ufa tayari, wewe unaukandamiza mguu, inamalizikia. Halafu sote tunasimama pale tunailaumu injini."

"Na ile nene?"

"Ile nene ni ngumu zaidi kukunjika, kwa hiyo inaumia zaidi ikilazimishwa. Ndiyo maana haikukaa hata mwezi."

Bi Ollie, aliyekuwa amesikiliza yote kutoka barazani, akasema: "Kwa hiyo kosa ni la binti yangu kuolewa."

"Hapana, Bi Ollie," Rondal alisema, akicheka mpaka machozi yakamtoka, "kosa ni la wewe kukaa mbali!"

Ilibaki kazi ambayo Verna aliiogopa kuliko kupima. Jumatatu, alipotoka gereji ya mabasi, hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Boyd Rasnick, peke yake, saa ambayo alijua wateja wameondoka. Boyd alikuwa akifagia.

"Umekuja kunicheka," alisema.

"Nimekuja kuazima ile fito yako ya kupimia mabomba."

Boyd akaegemea ufagio. Fito hiyo ilikuwa chuma kinene kilichonyooka kabisa, cha kupitishwa kutoka ncha moja ya mabomba ya ekseli hadi nyingine, na pale bondeni ni yeye peke yake aliyekuwa nayo.

"Ya nini?"

"Difu ya Rondal. Futi imenionyesha robo inchi, lakini mimi siamini futi peke yake. Nataka kitu cha kuaminika."

"Nimechomelea miaka kumi na tisa, Verna."

"Najua. Mishono yako ni mizuri kuliko yangu, na itabaki hivyo. Sikusema mshono ni mbaya. Ninasema moto ulivuta bomba lilipopoa, na wewe hukupima baada ya hapo, kwa sababu vishikio ni vidogo na kila mtu angefikiri havina neno. Mimi mwenyewe nisingepima."

Boyd akarudi kufagia. Lakini siku ya pili yake Rondal alileta difu nzima juu ya pikapu, wakaifungua, wakaweka vikombe vya chuma vya kushikia fito kwenye ncha mbili, na Boyd mwenyewe akaipitisha fito. Ilipita bomba la kushoto, ikapita katikati, ikafika bomba la kulia, ikagoma. Ilikosa tundu kwa unene wa sarafu moja.

Boyd aliitazama. Akajaribu tena, akiizungusha, kama mtu anayejaribu ufunguo wa mlango wake mwenyewe. Kisha akavua kofia.

"Nani mwingine anajua?"

"Hobart," Verna alisema. "Rondal. Na bibi mmoja mwenye maharage."

Boyd akamtazama Rondal, akamtazama Verna, kicheko kikaanza tumboni mwake, kikapanda taratibu mpaka mabega yakatikisika. "Nilikuita mama wa mabasi mbele ya watu."

"Ndivyo nilivyo."

"Haya. Shika hicho kitambaa, kiloweshe maji. Nitakuonyesha kitu ambacho hukijui."

Na ni kweli, hakukijua. Boyd alinyoosha lile bomba bila nyundo wala jeki. Aliwasha moto wa gesi, akapasha doa moja tu upande wa pili wa bomba, dogo kama sahani ya kikombe, mpaka likawa jekundu kama nyanya iliyoiva. Akasema "sasa," na Verna akalibandika kitambaa kibichi, mvuke ukapanda. Chuma kikalia kidogo kikijivuta. Wakapitisha fito. Bado. Akapasha doa jingine, karibu na la kwanza, safari hii dogo zaidi. Jinsi alivyokadiria wapi na kiasi gani, hakuweza kueleza. Alisema anasikia tu mkononi. Mara ya nne fito iliteleza ndani kwa uzito wake wenyewe mpaka ikagonga mwisho, na Verna akajikuta anapiga makofi.

Jumamosi Boyd alifanya jambo ambalo Verna hakulitarajia. Asubuhi, wakati watu wanasubiri kahawa kwenye kibanda, alisimama juu ya ngazi ya pikapu yake akasema kwa sauti ileile ya kusikika: "Ekseli za Rondal zilikatika kwa sababu mimi nilichomelea nikasahau kupima, na yeye akakokota gari mlima mzima. Aliyegundua ni Verna Stallard. Mwenye maneno ayalete kwangu." Hakuna aliyeleta. Na trela lake mwenyewe alimpa Rondal alitumie mpaka msimu uishe, ili magurudumu yasizunguke bure njiani.

Verna alimwambia Rondal arudishe springi kama ilivyokuwa. Zile sehemu mbili za kumi zikarudi, na nyingine moja juu yake, kwa kuwa sasa gari lilikuwa linakwenda mbele badala ya kupigana na gurudumu lake lenyewe. Mwezi wa sita ukapita, wa saba, wa nane. Kila baada ya mbio Verna aliweka beseni chini, akaenda kupitisha kidole nyuma ya breki ya kulia. Kilitoka kikavu, bila mafuta.

Fainali ya msimu, mwezi wa tisa, Rondal alifika raundi ya mwisho. Hakuwa amewahi. Mkewe alikuwepo, Bi Ollie alikuwepo na mwavuli wa jua, Hobart alikuwa ameshika kalamu kama mtu anayesaini hati ya nyumba. Magari yakasogea, taa za njano zikaanza kushuka, na Rondal, kwa wasiwasi, akaondoka kabla ya kijani. Upande wake ikawaka nyekundu. Alifika mwisho wa robo maili akiwa ametangulia kwa urefu wa magari mawili, na alikuwa ameshashindwa kabla hajaanza.

Alirudi taratibu, akashuka, akasimama mbele ya Verna.

"Sema."

"Gari ni zima," alisema Verna. "Dereva ndiye anayehitaji kupimwa."

Bi Ollie alicheka mpaka akauangusha mwavuli. Boyd alimpiga Rondal mgongoni, na Rondal mwenyewe, aliyekuwa amejaribu kununa, hakuweza. Walikula pale pale nyuma ya pikapu, sandwichi za soseji nene ya kukaanga na nyanya za bustanini, wakirudia mara kumi jinsi mguu wake ulivyomsaliti.

Baada ya msimu ule watu walianza kumletea Verna vilivyovunjika. Walileta krosi za propela zilizosagika, meno ya gia, shafti za giaboksi, wakati mwingine kutoka bonde la tatu. Boyd aliweka meza ndefu karibu na dirisha la karakana yake, penye mwanga wa mchana, na Jumamosi zisizo na mbio Verna aliketi hapo. Wakasaidiana hivyo miaka kumi na miwili: Verna akisema tatizo limeanzia wapi, Boyd akiliondoa. Hawakuafikiana kila mara. Kuna giaboksi moja waliyobishania wiki tatu, na mpaka leo kila mmoja anadai alikuwa sahihi. Boyd alimsihi aache kazi ya wilaya aje moja kwa moja, akakataa. "Yale yana watoto ndani," alisema. Aliendelea na mabasi mpaka alipostaafu, na hakuwahi kujuta.

Wageni walishangaa wakimkuta. Mwanamke mmoja dereva alikuja kutoka ng'ambo ya mpaka wa Tennessee, amebeba vipande vya giaboksi ya nne kuvunjika mwaka huo ndani ya mfuko wa unga, uso umechoka. Alimtafuta fundi Stallard kila pembe ya karakana, akampita Verna mara mbili.

"Mwaga hapa," Verna alimwambia hatimaye, akikunjua gazeti juu ya meza.

Mwanamke akasita. "Niseme kwanza kilichotokea?"

"Baadaye, dada. Kaa kwanza upumzike. Hobart! Tuletee kahawa mbili, na nyingine ya Boyd, maana hii itachukua muda." Akavaa miwani, akavuta kipande cha kwanza kwenye mwanga.